Njia za Mawe za Vall de Laguar

Watu wengi wanaofika katika pwani ya Alicante, mashariki mwa Hispania, hukaa ufukweni na kurudi makwao bila kujua kwamba nyuma ya hoteli na mashamba ya michungwa, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka mji wa bandari wa Dénia, kuna bonde lenye vijiji vitatu vidogo ambavyo wakazi wake wote kwa pamoja hawafiki elfu moja. Bonde hilo linaitwa Vall de Laguar. Vijiji vyake ni Campell, Fleix na Benimaurell, vilivyojipanga kandokando ya barabara moja inayopanda kutoka mji mdogo wa Orba, kila kimoja juu kidogo ya mwenzake, na barabara yenyewe inakomea Benimaurell. Hakuna anayepita Laguar akielekea kwingine. Aliyefika huko amefika kwa makusudi, na naamini hilo linaeleza utulivu wa mahali hapo kuliko jambo lingine lolote.

Nilikwenda kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari, milozi ikiwa imechanua maua meupe na ya waridi, wakati nilipokuwa nikiishi Valencia kwa ajili ya kazi, na tangu hapo nimerudi katika majira mengine ya mwaka. Ninaandika haya kwa sababu ndugu na marafiki wanaoishi Ulaya huniuliza mara kwa mara wapi panafaa kupumzika pasipo kelele, na kwa sababu naona kwamba kijiji cha namna hii kina adabu zake, ambazo mgeni akizifahamu mapema atapata mengi zaidi kuliko picha za kupeleka nyumbani.

Kinachowavuta watembeaji ni njia yenye namba PR-CV 147, ambayo Wahispania wameipa heshima ya kuiita Kanisa Kuu la Watembeaji. Inaanzia Fleix, karibu na mabirika ya zamani ya kufulia nguo, ina urefu wa kilomita 14 hivi, na ina vidato vya mawe zaidi ya 6,800. Ukisikia urefu wake pekee utadhani ni matembezi ya asubuhi. Lakini njia hiyo hushuka hadi chini ya korongo, ikapanda upande wa pili, ikashuka tena na kupanda tena, mara tatu, kiasi kwamba mtu mzima mwenye afya njema anahitaji saa sita mpaka nane pamoja na mapumziko. Nilizoea kuhesabu safari kwa kilomita. Laguar ilinifundisha kuuliza kwanza mteremko ni wa kiasi gani na jua litakuwa upande gani saa ngapi.

Nataka nieleze vidato vyenyewe, kwa kuwa watu wengi huvikanyaga bila kuvitazama. Kidato kimoja, ukikikaribia kwa macho, kina mawe marefu mawili au matatu yaliyolazwa kwa ubavu na kubanana bila saruji wala udongo, na nyuma yake pamejazwa mawe madogo yaliyoshindiliwa mpaka yakawa sakafu. Mahali ambapo ukingo ni mkali, chini ya sakafu hiyo kuna ukuta mzima wa mawe unaoishikilia, wakati mwingine mrefu kumzidi mtu, nao pia umejengwa kwa mawe makavu. Kimo cha kidato ni kidogo na upana wake ni mkubwa, kwa sababu aliyekusudiwa kupita hapo hakuwa binadamu peke yake. Alikuwa pia nyumbu aliyebebeshwa magunia, ambaye anahitaji nafasi ya kuituliza miguu yake yote kabla ya kuendelea. Njia hupinda kulia na kushoto juu ya genge lililo wima kiasi kwamba ukiwa ng'ambo ya pili huamini kuwa ulishuka hapo. Kuna mahali panapoitwa la Forada, ambapo inapenya katika tundu la mwamba, na ukitoka upande wa pili korongo lote linafunguka mbele yako kwa ghafla.

Ujuzi huu wa kujenga kwa mawe makavu uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi nane, zikiwemo Hispania, Ugiriki, Kupro na Kroatia. Ni jambo jema, ila orodha haijengi ukuta ulioporomoka. Mzee mmoja wa Fleix niliyemkuta akirudishia mawe ya tuta lake baada ya mvua alinionyesha kwamba siri iko katika mawe madogo ya ndani ambayo hakuna anayeyaona: yakipangwa vizuri, maji hupenya na ukuta husimama, yakitupwatupwa tu, maji hujikusanya nyuma yake na kuusukuma. Alichagua jiwe, akaligeuza mkononi, akaliweka, akaliondoa, akachukua lingine, na muda wote huo hakuonyesha haraka yoyote. Aliniruhusu kumsogezea mawe mpaka saa ya chakula. Nilielewa mambo ya njia ile kwa saa hizo chache kuliko kwa kilomita zote nilizokwisha kuitembea.

Mimi ni mtoto wa milima ya Uluguru, na kwetu habari ya matuta ina kumbukumbu chungu. Wazee wetu walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta katika mashamba yao chini ya mpango wa matumizi ya ardhi, mpaka mwaka 1955 watu wa Matombo wakainuka na mpango ukaachwa. Kwa hiyo nilipoona milima mizima ya Laguar imechongwa matuta toka chini hadi karibu na kilele, swali langu la kwanza lilikuwa nani aliyelazimishwa. Jibu nililolipata ni refu na la huzuni, na ninaona si haki kuitembea njia hii bila kulijua.

Waliokaa katika bonde hili mpaka mwanzoni mwa karne ya 17 walikuwa Wamorisko, yaani wazao wa Waislamu wa Hispania ambao katika ufalme wa Valencia walilazimishwa kubatizwa katika miaka ya 1520. Walilima kwa ajili ya mabwana wa Kikristo waliomiliki ardhi, sehemu ya mavuno ikienda kwa bwana, nao wakaishi kwa kilichobaki. Ardhi tambarare yenye maji haikuwa mikononi mwao, hivyo walijenga mashamba juu ya mlima, jiwe kwa jiwe, na njia za kuyafikia mashamba hayo. Vibao vingi vya watalii huziita ngazi za Wamozarabu, ingawa Wamozarabu walikuwa Wakristo walioishi chini ya watawala wa Kiislamu karne nyingi kabla. Nadhani waliozijenga wanastahili kutajwa kwa jina lao.

Tarehe 22 Septemba 1609 amri ya Mfalme Felipe wa Tatu ilitangazwa mjini Valencia: Wamorisko wote waondoke. Walipelekwa kwenye bandari, Dénia ikiwa mojawapo, wakapakiwa melini kwenda Oran na sehemu nyingine za Afrika Kaskazini. Ufalme wa Valencia ulipoteza karibu theluthi moja ya watu wake. Katika bonde la Laguar maelfu ya Wamorisko kutoka vijiji vya jirani walikataa amri, wakapanda na wake, watoto na wazee wao juu ya mlima unaoitwa Cavall Verd, wakamchagua kiongozi aliyeitwa Mellini. Mwezi Novemba mwaka huohuo majeshi ya mfalme yaliwashambulia. Mellini aliuawa, na waliobaki kileleni walizingirwa mpaka kiu na njaa vikawalazimisha kushuka na kujisalimisha.

Nilipanda Cavall Verd kwa njia inayoanzia Benimaurell, na ninaipendekeza kwa mtu yeyote mwenye siku ya pili ya kutembea. Kilele chake hakifiki mita 800, na kutoka huko unaiona bahari waziwazi, Dénia ikiwa chini upande wa mashariki. Nilikaa juu ya miamba ile nikawaza kwamba waliozingirwa hapa waliziona pia tanga za meli zilizokuja kuwachukua jamaa zao. Hakuna maji huko juu. Hili si jambo la historia tu. Ukipanda na chupa moja mwezi wa Mei, koo lako litakueleza lenyewe kwa nini ngome ile ilianguka. Nilinyamaza muda mrefu, na nilipofungua chakula changu sikuweza kula mara moja.

Miaka michache baada ya kufukuzwa huko, bonde lililobaki tupu lilijazwa na familia za Kikristo, nyingi zikiletwa kutoka kisiwa cha Mallorca, na wenyeji wa leo hulizungumzia jambo hilo bila kificho. Bibi aliyenikaribisha katika nyumba yake ya wageni aliniambia kwamba babu zake walikuja na meli wakakuta mashamba yameshajengwa, na kwamba baba yake alimfundisha kutolibeza tuta lolote kwa sababu si wao walioliweka jiwe la kwanza. Alilisema hilo huku akichambua maharage, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nirudi kwenye korongo lenyewe. Chini yake kuna mto unaoitwa Girona, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji hata kidogo. Utavuka juu ya mawe meupe ya mviringo, makavu, yenye joto. Milima hii ni ya chokaa, na mvua inayonyesha huzama ardhini kupitia nyufa na mapango badala ya kutiririka juu. Sehemu nyembamba ya korongo huitwa Barranc de l'Infern, Korongo la Jehanamu, na kuta zake katika baadhi ya mahali zimekaribiana kiasi cha mtu kuzigusa kwa mikono miwili. Kupita humo ndani ni kazi ya watu wenye kamba, kofia ngumu na mafunzo. Mtembeaji wa kawaida huvuka tu sakafu ya korongo na kuendelea kupanda. Kuelekea mdomo wa korongo kuna bwawa la Isbert, ukuta wa zege uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa matumaini ya kumwagilia mashamba ya chini. Haukuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa, kwa kuwa maji yaliyozuiwa yalipenya katika chokaa na kutoweka. Wazee wa kijiji hukuonyesha njia ya kwenda kuliona, na kwa kweli ni mahali pa kutafakari: ukuta mnene umesimama katikati ya milima, na nyuma yake kuna mchanga na vichaka.

Hata hivyo mto huo ukijaa, hujaa kwa ghafla. Vuli ndiyo majira ya hatari katika pwani hii. Mwezi wa Oktoba mwaka 2007 mvua kubwa iliufanya Girona ufurike, ukaangusha daraja la Beniarbeig na kuingia katika nyumba za El Verger, karibu na bahari. Mgeni anayetazama mawe makavu katika siku ya jua hawezi kuamini habari hiyo, na ndiyo maana nasisitiza: kukiwa na onyo la mvua, usishuke korongoni, hata kama juu yako anga ni samawati. Kwa upande wa pili, kiangazi huleta moto. Agosti 2022 radi iliwasha moto katika bonde jirani la Vall d'Ebo, na zaidi ya hekta 12,000 ziliteketea. Nilipopita upande huo baadaye, miti ilisimama myeusi, na matuta ya mawe yalikuwa yameonekana yote, hata yale yaliyofichwa na misonobari kwa miongo mingi. Siku za hatari kubwa mamlaka huweza kuzuia watu kuingia mlimani, na mwenyeji wako atajua kabla yako. Mwulize kila jioni.

Alama za njia ni rahisi ukishazizoea. Mstari mweupe na wa manjano ni njia ya wastani kama hii ya Laguar; mweupe na mwekundu ni njia ndefu inayozidi kilomita 50; mweupe na wa kijani ni njia fupi ya eneo husika. Rangi hizo zikipakwa kwa umbo la msalaba, maana yake hupaswi kupita huko. Namba ya dharura ni 112, lakini ndani ya korongo simu mara nyingi haipati mtandao, kwa hiyo kumwambia mtu kijijini unakokwenda na saa unayotarajia kurudi ni muhimu kuliko kuwa na simu nzuri. Mimi nilimwambia bibi yule, naye akanijibu, "Sawa, mwanangu, lakini chukua maji mara mbili ya unayofikiria, na usitegemee kuyakuta njiani." Chemchemi zipo karibu na vijiji, na kisima kipo kwenye vitongoji vya Juvees ng'ambo ya korongo, ila si busara kuyategemea maji hayo, hasa baada ya miezi ya ukame.

Vitongoji hivyo vya Juvees ndivyo vilivyonigusa kuliko mandhari yote. Ni nyumba chache za mawe, nyingi zimehamwa, zilizozungukwa na mashamba ya milozi, mizeituni na micheri juu ya uwanda ulio ng'ambo. Watu waliishi huko na kulima, na kila walichohitaji kutoka kijijini, pamoja na wagonjwa na maiti zao, kilipita juu ya vidato hivi. Ukiketi kwenye kivuli cha ukuta hapo, baada ya kushuka na kupanda genge la kwanza, miguu ikiwa bado inatetemeka, unaelewa kwamba njia unayoitembea kwa starehe ilikuwa barabara yao ya kila siku. Bado kuna wenye mashamba wanaokuja kuyatunza. Mimi nilimkuta mmoja akipogoa, tukasalimiana, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akauliza kama kwetu milima ipo. Nilimweleza habari za Uluguru, za migomba na viungo vya Mgeta na Kinole, na aliuliza maswali ya mkulima kwa mkulima: mvua inanyesha miezi gani, udongo unashikwa na nini, vijana wanabaki au wanaondoka. Kwa swali la mwisho majibu yetu yalifanana.

Kijijini kwenyewe maisha yana saa zake. Asubuhi kuna baa iliyo wazi, wazee wakinywa kahawa na kupanga mambo ya maji na kunyunyizia dawa miti. Kuanzia saa nane mchana mpaka jioni madirisha hufungwa na barabara hukaa tupu, na mgeni anayetafuta huduma wakati huo itambidi angoje. Lugha ya kila siku ni Kivalencia, na Kihispania wanakijua wote. Salamu ya asubuhi, "Bon dia," hutolewa kwa kila unayekutana naye, hata usiyemjua, nayo kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo na habari za asubuhi haina ugumu wowote. Nimeona wageni wakipita mbele ya wazee walioketi mlangoni bila kufungua kinywa, wakiwa wamekazia macho ramani za simu. Wazee huwatazama tu. Lakini aliyesalimia huambiwa kwamba kidato fulani kimeporomoka, kwamba leo kuna msako wa nguruwe mwitu upande ule, kwamba fulani ana mafuta ya zeituni ya kuuza. Habari zote za maana nilizozipata Laguar nilizipata baada ya salamu, na hakuna hata moja iliyokuwa imeandikwa kwenye kibao.

Kuhusu msako huo, lizingatiwe: katika vuli na majira ya baridi wawindaji hukusanyika, hasa mwishoni mwa juma, na huweka matangazo kwenye njia. Matangazo hayo si mapambo. Ukiyaona, badilisha njia.

Chakula ni cha shamba. Kabla ya mlo huletwa mkate, zeituni na aliolí, yaani kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta. Kisha wali wa kuokwa tanurini, au ngano iliyopondwa na kupikwa na nyama na maharage, chakula kizito ambacho wenyeji hukila siku za baridi. Kuna pia coca, mkate bapa unaowekwa mboga juu yake. Atakayekuwa hapo mwezi wa Mei au Juni atakuta cheri, zao ambalo bonde hili na majirani zake wanajulikana nalo, na nitasema jambo hili kwa mkazo: mcheri ulio kando ya njia una mwenyewe. Matawi hujileta mpaka usoni, na mkono unataka kuchuma, lakini kuna familia inayotegemea yale matunda machache baada ya kulima kwa jembe katika tuta lisiloingia trekta. Nunua kijijini. Bei yake haiwezi kulipa hata robo ya kazi niliyoiona. Ndivyo ilivyo pia kwa kutembea juu ya kuta za matuta ili kufupisha njia: jiwe moja la juu likianguka, mvua inayofuata hulifuata pengo hilo na kuteremsha mengine.

Kuna matembezi mengine mafupi ambayo watalii wengi huyaruka. Karibu na Campell, katika bonde dogo lenye misonobari, ipo Fontilles, hospitali iliyoanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma kwa juhudi za padri Mjesuiti Carlos Ferrís na mwanasheria Joaquín Ballester, na ambayo ilipokea wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1909. Baadaye eneo lake lilizungushiwa ukuta mrefu wa mawe, kimo karibu mita 3, kwa sababu ya hofu ya watu wa nje, na sehemu zake bado zinaonekana zikipanda na kushuka juu ya vilima. Nilitembea kando ya ukuta huo nikifikiria makazi ya Nunge kule Kigamboni, ambako wagonjwa wa ukoma waliishi wametengwa ng'ambo ya maji, mbali na macho ya jiji. Kitu kilichowatenga watu hawa hakikuwa ugonjwa wenyewe pekee. Tiba ya mchanganyiko wa dawa ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, ukoma ukawa unapona, na bado kuta zilichelewa sana kubomoka vichwani mwa watu. Fontilles iliendelea na kazi ya utafiti na mafunzo, na shirika lake limesaidia wagonjwa katika nchi nyingine za dunia. Ukifika huko, kumbuka ni mahali pa wagonjwa na wazee wanaoishi, hivyo hupigi picha ovyo.

Kwa wanaopenda kazi za mikono, wakiwa njiani kurudi baharini wapite Gata de Gorgos. Katika milima hii huota mtende mfupi wa mwituni, ambao haufiki kimo cha mtu mara nyingi, na majani yake yalikaushwa, yakachanwa na kusukwa utepe mrefu ambao baadaye ulishonwa kuwa kikapu au mkeka. Yeyote aliyemwona bibi yake akisuka ukili barazani atasimama mbele ya maduka ya Gata kwa muda mrefu. Mimi nilichukua kikapu kimoja nikakigeuza kutazama kitako chake, mwuzaji akacheka na kusema kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya wanaojua.

Sasa niseme kuhusu mpango wa safari. Usafiri wa umma hadi vijiji vya Laguar ni haba sana. Njia ya uhakika ni gari la kukodi au teksi kutoka Dénia au Pego, na dereva asiyezoea barabara za milimani aende taratibu kati ya Orba na Campell. Miezi bora ni kuanzia Februari mpaka Mei, kisha Novemba kwa atakayefuatilia hali ya hewa kwa makini. Julai na Agosti sishauri njia ndefu kabisa. Kalale kijijini badala ya kuja asubuhi na kuondoka jioni, kwa kuwa fedha ya kitanda na ya mlo ndiyo inayobaki pale, ilhali anayekuja na mkate wake toka pwani huacha vumbi la gari tu. Anza kutembea jua likichomoza, vaa viatu vyenye soli inayoshika, chukua maji yasiyopungua lita tatu kila mtu, na kama una maumivu ya magoti beba fimbo mbili, maana kushuka ndiko kunakoumiza.

Asiye na uwezo wa njia nzima asijinyime. Kutoka Fleix anaweza kuteremka vidato vya mwanzo, akapenya la Forada, akafika chini kwenye mawe ya mto, akala chakula chake hapo, akarudi juu kwa njia ileile kabla jua halijafika katikati ya anga. Ni nusu siku, na ataona ufundi uleule wa ngazi ambao wengine wanauzungukia siku nzima. Nilimpeleka shangazi yangu aliyekuja kunitembelea, mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, akapumzika kila kona na kuzihesabu nguzo za mwamba kwa fimbo yake, na jioni ile akiwa mezani kwa bibi mwenye nyumba, wawili hao wasio na lugha ya pamoja walizungumza kwa mikono kuhusu magoti, wajukuu na namna ya kuhifadhi zeituni. Mwezi wa Mei unaokuja anataka kurudi wakati wa cheri, na bibi ameshamwekea chumba cha chini kisicho na ngazi.